Mama Mary Luwum, mjane aliyevuka mpaka mwaka Jumuiya ilipokufa

Kila mwaka ifikapo 16 Februari, mfanyabiashara wa Kenya aliyesahau kalenda ya jirani hukuta milango ya benki za Uganda imefungwa. Malipo ya mzigo yanasubiri kesho. Dereva wa lori analala siku moja zaidi, na mwenye mahindi anaanza kupiga hesabu ya hasara. Akiuliza kuna nini, anajibiwa kwa maneno matatu: Siku ya Luwum.

Wengi huishia hapo. Wanaojua zaidi watamweleza kwamba Janani Luwum alikuwa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana, kwamba alimwandikia Idi Amin akipinga mauaji ya raia, na kwamba aliuawa 16 Februari 1977. Watataja pia kwamba sanamu yake imewekwa ukutani Westminster Abbey, London, pamoja na za wafiadini wengine 9 wa karne ya 20. Yote ni kweli, na anastahili kukumbukwa.

Lakini katika nyumba ya askofu mkuu kulikuwa na mtu wa pili, ambaye hana sanamu wala siku katika kalenda. Huyo ni mkewe, Mary, aliyejulikana na wengi kama Mama Mary. Mumewe aliuawa katika siku moja. Yeye aliishi na matokeo ya siku hiyo kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2019 akiwa bibi kizee wa miaka zaidi ya 90. Wasomaji wa gazeti hili, ambao maisha yao yamo mpakani, wana sababu yao ya pekee ya kumkumbuka. Mama huyu alivuka mpaka na watoto wake wakati nchi za Afrika Mashariki zilipokuwa zikifungiana milango, na akapokelewa upande wa pili.

Mke wa mwalimu

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, wilaya ya Kitgum, si mbali na mpaka wa Sudan Kusini ya leo. Alikuwa mwalimu wa shule. Januari 1948 aliokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, na tangu hapo nyumba yake ikawa nyumba ya walokole. Alisomea uchungaji Buwalasi, karibu na Mbale, akapewa ushemasi mwaka 1955 na ukasisi mwaka 1956. Alitumikia mashambani, katika parokia zenye makanisa madogo mengi na barabara chache, kisha akarudi Buwalasi kuwa mkuu wa chuo. Mwaka 1969 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Kaskazini mwa Uganda, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu.

Orodha hiyo husomwa kama hatua za mwanamume mmoja. Msomaji aliyelelewa karibu na kanisa anajua kwamba kila hatua ina upande wa pili. Kila uhamisho ni mwanamke anayefunga mizigo, anayetafuta shule mpya ya watoto, anayelima bustani nyingine kwa sababu mshahara wa kasisi hautoshi. Nyumba ya mchungaji haina ufunguo: mgeni anafika usiku, mjane analeta shauri lake, mwanafunzi hana karo, na wote wanatazamia chai. Katika makanisa ya ukanda huu mke wa kasisi hutarajiwa kuwa mama wa waumini wote bila kuajiriwa na mtu. Mary aliifanya kazi hiyo Acholi, akaifanya Buwalasi, akaifanya Gulu, na mwishowe Namirembe, kilima cha Kampala chenye kanisa kuu.

Cheo cha mwisho cha mumewe kina jambo ambalo gazeti la ushirikiano wa kikanda haliwezi kulipita. Mwaka 1974 Luwum hakuwa askofu mkuu wa Uganda peke yake. Jimbo lake lilikuwa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kanisa hilo lilivuka mipaka ambayo marais walikuwa wakiilinda kwa bunduki. Rwanda, Burundi na Zaire hazikuwa jimbo lao wenyewe hadi mwaka 1980. Kwa hiyo watu waliobisha hodi katika nyumba ya Mary walitoka nchi nne, na meza ilikuwa moja.

Uamsho wenyewe ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Ulichipuka Gahini, mashariki mwa Rwanda, na mizizi yake mingine ilikuwa Namirembe, katika urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church. Katika miaka ya 1930 ulipanda Kabale, ukaingia Kenya, Burundi na Tanganyika, ukafika hadi Kongo. Ulisambazwa na watu wa kawaida waliotembea kwa miguu, wakalala katika nyumba za wenzao, wakaitana ndugu. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, uliimbwa na Mkikuyu, Mhaya na Mnyarwanda ambao hawakujua Kiganda kingine chochote. Mtu aliyekuwa ndugu Mbarara alikuwa ndugu pia Nairobi na Bukoba, na hakuulizwa pasi.

Februari 1977

Mwanzoni mwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa mahututi. Shirika la ndege la pamoja lilikuwa limevunjika na Kenya ilikuwa imeanzisha lake. Mwezi huo huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wafanyabiashara wa Namanga, Taveta na Sirari waliokuwepo wanakumbuka: soko lililokuwa umbali wa dakika chache kwa baiskeli likawa nchi ya mbali.

Kati ya Uganda na Kenya hali ilikuwa mbaya kwa namna yake. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kuwa ni ya Uganda. Julai mwaka huo, baada ya makomando wa Israeli kuvamia Entebbe na ndege zao kujaza mafuta Nairobi, Wakenya waliokuwa Uganda walilipiziwa kisasi na wengine wakauawa. Biashara haikukoma, ila iliingia gizani. Hiyo ndiyo miaka ya magendo, wakati kahawa ya Uganda ilipopita usiku kwenda Chepkube, na sukari, chumvi na sabuni zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Watu walitajirika, na watu walipigwa risasi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi 5 Februari, saa saba na nusu, watu wenye silaha walifika nyumba ya askofu mkuu Namirembe. Walidai kwamba wanatafuta bunduki. Walipekua vyumba vya kulala, wakaingia stoo ya chakula, wakapekua hata kanisa dogo la nyumbani. Hawakupata kitu. Maaskofu wa Uganda waliandika barua kwa Amin kulalamikia upekuzi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Wakati ule barua ya namna hiyo ilitosha kumponza mtu.

Tarehe 16 viongozi wa dini na maofisa wa serikali waliitwa Nile Mansions, Kampala. Silaha zilianikwa uwanjani, tuhuma zikasomwa mbele ya askari. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum alibakizwa. Asubuhi yake redio ya serikali ilitangaza kwamba askofu mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Hakuna aliyeamini. Mwili ulipelekwa na askari hadi Mucwini ukiwa ndani ya jeneza lililofungwa, na watu wa kijijini walipolifungua waliona matundu ya risasi.

Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na la askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuletwa, na ibada ya kumbukumbu ilipigwa marufuku. Jumapili ile watu walifika kwa maelfu na kuimba kando ya kaburi tupu.

Msomaji aliyewahi kufiwa atajua kaburi tupu lina maana gani kwa mjane. Mila za makabila karibu yote ya Afrika Mashariki zinampa mjane kazi siku ya msiba: akae karibu na mwili, alie, apokee watu, aone udongo ukishuka. Hapo ndipo huanza kukubali. Namirembe mjane wa askofu mkuu hakuachiwa hata hilo. Alichobakiwa nacho ni watoto, na habari kwamba waliomuua baba yao walikuwa wangali na funguo za nchi.

Njia ya kwenda Kenya

Mary alikwenda Kenya pamoja na watoto wake. Sentensi hiyo ni fupi, lakini kila anayeishi Busia au Malaba anajua kilichomo ndani yake. Mwanamke anayevuka na watoto hawezi kukimbia. Hawezi kupita njia ya panya usiku bila kuogopa kwamba mtoto mdogo atalia. Hawezi kubeba kitanda, wala sufuria, wala vitabu vya shule. Anabeba nguo za kubadilisha na jina la mtu mmoja upande wa pili. Jina hilo lina thamani kuliko mzigo wote, kwa sababu bila hilo mtoto atalala wapi?

Hapo ndipo imani ya maisha yake ilipogeuka kuwa kitu cha kushikika. Ndugu wa Uamsho walikuwapo Kenya, na Kanisa la Anglikana lilikuwapo. Ibada ya kumbukumbu iliyokatazwa Kampala ilifanyika katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Mtandao uliojengwa kwa miaka 40 kwa mikutano ya sala, kwa kulazana sakafuni na kuchangiana nauli, ulifanya kazi ambayo mikataba ya marais ilishindwa kuifanya.

Hakuwa peke yake. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe Mera walitembea usiku milimani hadi Rwanda, na baadaye wakafika Kenya. Mwaka huo huo Kivengere alitoa kitabu ambacho jina lake liliwashangaza watu, kwa sababu lilisema anampenda Idi Amin. Walimu wa Uganda waliokimbia walijaza madarasa ya sekondari za Kenya, na Wakenya wengi walio na umri wa miaka 60 leo watakwambia hesabu na Kiingereza walifundishwa na Mganda. Wengine walikwenda Tanzania, na walishiriki na jeshi la nchi hiyo katika vita vilivyomwondoa Amin Kampala 11 Aprili 1979.

Ni vizuri kusema wazi jambo moja, kwa kuwa kumbukumbu za dini huweza kutumiwa vibaya. Utawala wa Amin haukuwa vita vya Waislamu dhidi ya Wakristo. Waislamu pia waliuawa, na masheikh nao walikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioitwa kusikiliza tuhuma. Kumkumbuka mama Mkristo mcha Mungu hakumnyang'anyi kitu Mwislamu wa Arua au Mombasa. Amina wa kule na Mary wa huku walivuka mipaka ile ile, wakimwogopa askari yule yule.

Kurudi katika nchi yenye vita

Amin alipoanguka, wakimbizi walirudi. Mama Mary pia alirudi Uganda. Ingekuwa hadithi ya kitabu, ingeishia hapo kwa furaha. Haikuwa hivyo.

Nchi ya Waacholi, alikozikwa mumewe, iliingia katika vita vingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2006, waasi wa Lord's Resistance Army na jeshi la serikali walipigana katika mashamba ya wakulima. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa kambini. Watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu na Kitgum ili wasitekwe. Julai 2002 waasi waliwaua zaidi ya watu 50 Mucwini yenyewe, kijijini kwa askofu mkuu. Waasi hao walianza na maneno ya Biblia midomoni, wakitaja Amri Kumi huku wakiwakata watu midomo.

Kwa mtu wa imani, huo ulikuwa mtihani wa pili. Mara ya kwanza aliyeua alikuwa dikteta. Mara hii waliojiita jeshi la Bwana waliwaua ndugu zake kwa jina la Mungu yule aliyemwomba kila asubuhi. Kuna wengi ambao imani yao ilikufa kambini, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Kizazi cha Mama Mary, wale wazee wa kike wa Acholi wanaoonekana hadi leo wakienda kanisani kwa miguu na Biblia iliyofungwa katika kitambaa, hakikuacha kusali. Walilea wajukuu ambao wazazi wao walitekwa au walikufa. Waliwapokea vijana waliorudi msituni wakiwa na damu mikononi, wakawapikia.

Watu wa miji mikubwa husema kwamba wazee hao wanasamehe kwa sababu ni washamba, hawajui haki zao. Huko ni kuwaonea. Mwanamke aliyemzika mume, au aliyenyimwa kumzika, anajua hesabu ya anachodaiwa kuliko wakili yeyote. Anaposamehe, anaamua kwamba watoto wake hawatarithi deni hilo la damu. Mfanyabiashara anaweza kulielewa hilo. Liko deni ambalo ukilishikilia hadi mwisho linakula mtaji wote, na lipo ambalo ukilifuta duka linafunguliwa kesho. Hilo halina maana kwamba mdaiwa hakukosa.

Mama Mary aliishi hadi akaona mambo mawili ambayo mwaka 1977 yangeonekana ndoto. Aliona serikali ya Uganda ikiifanya siku ya kifo cha mumewe kuwa ya mapumziko kwa nchi nzima, na mahujaji wakijaa Mucwini, mahali palipokuwa pa kutisha. Aliona pia Acholi, iliyotoa wakimbizi, ikipokea wakimbizi. Tangu mwaka 2017 maelfu ya watu wa Sudan Kusini wamepewa mahali pa kuishi na kulima Palabek, wilaya ya Lamwo, jirani na Kitgum. Uganda leo ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Alipofariki, naye alipelekwa Mucwini.

Mwaka aliofariki

Sasa msomaji autazame mwaka huo wa 2019 kwa jicho la kibiashara. Mwishoni mwa Februari, siku chache baada ya Siku ya Luwum, mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa kwa sababu ya ugomvi wa serikali mbili. Haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka 3, katika njia ile ile ambayo Uamsho ulipita ukitoka Gahini kwenda Kabale, mama aliyekuwa akiuza viazi na vitunguu alikuta geti limefungwa. Watu waliokuwa na shamba upande mmoja na shangazi upande wa pili walishindwa kuzikana. Wengine walijaribu njia za panya, na wapo waliopigwa risasi. Januari 2024 Burundi nayo ikafunga mpaka wake na Rwanda.

Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ina mengi ya kujivunia. Ina wanachama 8 sasa, kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa na Mogadishu. Ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Busia ina kituo cha pamoja, ambapo mtu anahudumiwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja badala ya kusimama katika foleni mbili. Mwenye mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, anaweza kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa asilipe ushuru wa forodha, bila kulazimika kumlipa wakala.

Haya si madogo. Mwaka 1977 Mary Luwum hakuwa na hata moja kati ya hayo. Lakini Gatuna imeonyesha kwamba yote hayo yanaweza kusimamishwa asubuhi moja kwa sababu wakubwa wamekosana. Foleni imefupishwa. Lakini iwapo geti litakuwa wazi kesho, hakuna aliyehakikishiwa.

Ndiyo maana kipimo cha Jumuiya kisiwe idadi ya wanachama wala urefu wa hotuba za Arusha. Kipimo kiwe mwanamke mmoja. Akifika mpakani jioni akiwa na watoto watatu na kifurushi kimoja, na serikali za pande mbili hazisemezani, je, atapita? Jibu likiwa hapana, hata muuza nyanya hayuko salama, kwa kuwa geti linalomzuia mjane leo litamzuia yeye kesho.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri kizazi kingine. La kwanza, nchi wanachama zikubaliane kwa maandishi kwamba hata zikigombana, njia ya watembea kwa miguu haifungwi. Malori yanaweza kusubiri wanasiasa wamalize hasira zao. Mgonjwa, mfiwa, mwanafunzi na mama mwenye kapu hawawezi. La pili, mpaka ukilazimika kufungwa, watu wapewe notisi ya siku kadhaa ili mwenye bidhaa zinazooza aziondoe, na aliyelala ugenini arudi kwake. La tatu ni la wafanyabiashara wenyewe.

Vyama vya wafanyabiashara wadogo mpakani, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, tayari vina vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Vina namba za simu za wenzao upande wa pili. Vinajua nani ana chumba na nani ana duka. Huo ni mtandao kama ule wa ndugu wa Uamsho, na haujali mtu anasali Ijumaa au Jumapili. Ukipangwa mapema, siku ya shida unaweza kumpokea mtu. Kikundi cha Busia Kenya kiwe na kikundi rafiki Busia Uganda. Cha Gisenyi kiwe na cha Goma, cha Namanga huku na Namanga kule. Wajuane kwa majina kabla ya msiba, kwa kuwa jina la mtu upande wa pili ndilo lililokuwa mali ya mwisho ya kila aliyekimbia.

Kuna watakaosema hiyo ni habari ya kanisa na ya zamani, na kwamba mfanyabiashara anahitaji bei nzuri na barabara, hahitaji hadithi za wajane. Wanasahau biashara yao ilitoka wapi. Neno bodaboda lenyewe, ambalo sasa linajulikana bara zima, lilizaliwa hapo hapo mpakani, katika miji ya Busia na Malaba, wakati vijana wa baiskeli walipowabeba watu na mizigo kutoka geti moja hadi la pili. Kabla ya afisa yeyote kubuni neno la mtangamano, watu wa kawaida walikuwa wameshaunganisha nchi kwa miguu, kwa baiskeli, kwa ndoa na kwa sala. Serikali zilikuja baadaye kuweka sahihi juu ya kitu kilichokuwapo.

Akina mama kama Mary Luwum ni sehemu ya kazi hiyo. Hawakuhutubia mikutano ya wakuu wa nchi. Walifungua mlango usiku, waligawa uji uliokuwa mdogo, waliwafundisha watoto wasiwachukie watoto wa wauaji. Ukiondoa watu wa namna hiyo, mikataba yote ya Jumuiya ni karatasi.

Basi 16 Februari ijayo, mfanyabiashara atakayekuta benki ya Uganda imefungwa asione kwamba siku imepotea. Akiwa anamsubiri dereva, akitazama wanawake wakipita getini na vitambulisho mkononi na watoto mgongoni bila kusimamishwa, akumbuke kwamba kulikuwa na mwaka ambao haikuwa hivyo, na kwamba yuko mama aliyepita hata hivyo.